“Mama yake kalitupa, ndio tukalichukua”

Hakuna kauli inayochosha kama hii juu ya mayai ya ndege wa baharini, na wanaoisema zaidi ni manahodha na watembeza wageni. Yai lililo wazi juu ya jiwe la Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo wanakotaga ndege wa baharini, halikutupwa. Wewe ndiye uliyeteremka botini. Mwenye yai yuko juu ya kichwa chako anapiga kelele. Rudi botini, sogea mbali, atatua.

Watu hudhani ndege huatamia ili kulipa yai joto tu. Kwenye fungu lisilo na mti hata mmoja, saa sita mchana, kazi yake ni kinyume: hulitilia kivuli, akipokezana zamu na mwenziwe. Kiinitete, yaani kinda anayekua ndani ya yai, hukua vizuri kwenye nyuzi 36 hadi 38 za Selsiasi. Jiwe lililopigwa na jua hupita hapo kwa mbali, kwa hiyo nyinyi mkiwa mnapiga picha, yai linapikwa. Kesho anakuja mwengine, analikuta halina wa kuliatamia, na yeye anasema: limetupwa!

Makinda ndiyo balaa zaidi. Wale wa buabua wa kishungi, aina ya ndege wa baharini, hutoka kiotani baada ya siku chache tu, wakakaa pamoja kundi zima. Si mayatima. Wazazi wako baharini wanavua, na kila mmoja akirudi na samaki mdomoni humjua wake kwa sauti, humlisha huyo peke yake. Ukimchukua “kumwokoa”, umemkosesha chakula. Ukilifukuza kundi, baadhi yao wataishia majini.

“Tumemwachia moja.” Yule ndege mkubwa mweupe mwenye uso mweusi hutaga mawili, lakini hulea kinda mmoja. La pili ni akiba: yakianguliwa yote, mkubwa humsukuma mdogo nje ya kiota mpaka afe. Ukichukua moja umechukua akiba, na lililobaki likiwa viza, msimu umekwenda. Kuatamia peke yake ni siku 43 hivi, kisha miezi kama minne ya kulisha kabla kinda hajaruka.

“Atataga jengine.” Buabua wa mgongo mweusi hutaga yai moja tu. Hata akirudia, amechelewa, na samaki hawamngoji.

Dume hana kazi? Huyu si jogoo wa mtaani. Kwa buabua, dume humletea jike samaki kabla hajataga, kisha hukaa juu ya yai zamu yake. Na wanaosema ndege hawa huoana mpaka kufa, nayo ni hadithi: wengi hurudiana, lakini kuachana kupo, hasa baada ya msimu kuharibika.

Wakati wa viota, tazameni kutoka botini. Kama hapana budi kuteremka, isiwe baina ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Na kagueni magunia na maboksi kabla ya kuyashusha: panya mmoja mwenye mimba anatosha kumaliza mayai ya fungu zima.