Kwa nini kila dawa ya mafua huonekana inatibu

Wagonjwa wa homa ya mafua hunifikia wakiwa wamekwisha kuamua wanachotaka. Mmoja anataka sindano, kwa kuwa mwaka jana alichomwa na kesho yake akaamka mzima. Mwingine hataki kusikia habari nyingine isipokuwa dripu. Wa tatu amekunywa nusu dozi ya amoksilini ya duka la dawa la mtaani na sasa anaomba "kitu kikali zaidi". Bibi aliyemsindikiza anasikiliza tu, kisha ananiambia kwa upole kwamba vijana wa siku hizi wamesahau kujifukiza.

Hakuna anayesema uongo hapo. Walitumia, wakapona. Ila ugonjwa huu una ratiba yake, na mtu mzima wa kwetu huvumilia siku ya kwanza, huvumilia ya pili, ya tatu ndipo anapokwenda kutafuta tiba. Siku ya nne homa inashuka, apewe kitu asipewe. Alichotumia siku ya tatu ndicho kinachobeba sifa zote.

Niipitie ratiba hiyo. Nazungumzia influenza, si yale mafua ya kamasi na chafya ambayo huja taratibu, leo koo, kesho pua. Influenza huangusha. Mgonjwa anaweza hata kukutajia saa: "Nilikuwa nakula chakula cha mchana, ghafla nikasikia baridi."

Lakini saa hiyo siyo mwanzo. Virusi vimekuwa mwilini kwa siku 1 hadi 4, mara nyingi 2. Viliingia kwa matone ya mtu aliyekohoa jirani yako kwenye daladala, au kwa kidole kilichoshika bomba la kiti kisha kikafikicha jicho. Juu ya kila kirusi kuna protini za aina mbili, ndizo hizo H na N unazozisikia katika majina kama H1N1 na H3N2. H hunasa kwenye sukari maalumu iliyo juu ya seli za pua, koo na njia ya hewa, na seli inakivuta kirusi ndani. Humo kinafungua mzigo wake, vipande 8 vya RNA, yaani maelekezo ya kutengeneza virusi, ambavyo huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuilazimisha iache kazi zake, itengeneze virusi. Baada ya muda wa saa 6 hadi 8 hivi virusi vipya huanza kuchomoza, na N hukata ile sukari ili visibaki vimeganda hapo hapo mlangoni, viende kutafuta seli nyingine.

Muda wote huo mwenye mwili yuko kazini, anacheka na wenzake. Siku moja kabla ya dalili tayari anaweza kuambukiza. Wapo hata wasioumwa kabisa: katika majaribio ambayo watu wazima wenye afya walijitolea kutiwa virusi puani makusudi, takriban theluthi moja ya walioambukizwa hawakuonyesha dalili, ingawa virusi vilikuwa vinatoka puani mwao. Kwa hiyo lile swali la nyumbani, "nani ametuletea?", mara nyingi halina jibu, na anayelaumiwa ni yule tu aliyekohoa kwa sauti.

Kinachokuangusha ni mwili wako mwenyewe. Seli iliyovamiwa hutoa interferoni, na kazi yake inafanana na yowe la mwizi usiku: kila nyumba ya jirani inafunga milango kabla mwizi hajaifikia. Pamoja na interferoni hutolewa kemikali nyingine za kinga, saitokini, ambazo huzunguka na damu mwili mzima. Zikifika ubongoni, sehemu inayopima joto inapandisha kiwango inachokitaka. Mwili wenye nyuzi 37 unaanza kuonekana "baridi", ndiyo maana unamkuta mtu wa Dar es Salaam mwezi Februari amejifunika blanketi mbili anatetemeka. Joto hupanda hadi 38, 39, wakati mwingine 40. Kemikali hizo hizo ndizo zinazouma mgongoni, mapajani, nyuma ya macho. Wagonjwa hushangaa nikiwaambia kwamba huko mgongoni kwa kawaida hakuna kirusi hata kimoja. Virusi vya influenza karibu siku zote hubaki kwenye njia ya hewa.

Parasetamoli inaingia hapa. Haigusi virusi. Inapunguza prostaglandini, ile kemikali inayopandisha kiwango cha joto ubongoni, nawe ukapata usingizi na nguvu ya kunywa uji. Hilo si jambo dogo, naiandika kila siku. Tatizo ni vile vidonge vya mchanganyiko vya mafua: vingi vina parasetamoli ndani yake, na mtu anavinywa juu ya parasetamoli nyingine bila kujua. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa kujumlisha vyote. Watoto na vijana wadogo wasipewe aspirini kwa homa hii, kwani inahusishwa na ugonjwa adimu unaodhuru ubongo na ini.

Siku hizi mbili za mwanzo huwezi kuitenganisha homa hii na malaria kwa kutazama uso wa mgonjwa. Hata mimi siwezi. Kikohozi kikavu na koo kuuma vinaelekeza kwenye mafua, lakini kuelekeza si kuthibitisha. Kapime. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu na dakika chache za kusubiri. Kikisema hakuna malaria, dawa mseto usinywe "kwa tahadhari".

Ipo dawa ya virusi vyenyewe, oseltamiviri, ambayo huizuia ile N isikate. Inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili, na kwa mtu mwenye afya yake inafupisha ugonjwa kwa karibu siku moja. Rudi kwenye ratiba uone ubaya wake: dirisha linafungwa wakati ule ule wagonjwa wetu wanapoanza kuja. Kwa hiyo ombi langu kwa wajawazito, wazee, wenye pumu, kisukari, selimundu, ugonjwa wa moyo au VVU, na wazazi wa watoto wadogo hasa walio chini ya miaka miwili: ninyi msingoje siku ya tatu. Aliyelazwa na hali mbaya hupewa hata kama saa hizo zimepita.

Siku ya tatu na ya nne wingi wa virusi unakuwa umeshavuka kilele na kuanza kuporomoka. Homa inafuata. Kuanzia siku ya tano hivi zinakuja seli za kinga ziitwazo seli za T, ambazo huua seli zilizovamiwa, na kufikia wiki moja hadi mbili kingamwili zinakuwa nyingi. Antibiotiki haijafanya chochote katika hayo yote. Wala dripu, kama mtu anaweza kunywa mwenyewe. Kujifukiza kunalegeza kamasi na kunaburudisha, sina ugomvi na bibi. Ugomvi wangu ni kumfunika mtoto blanketi moja na sufuria ya maji yanayochemka. Watoto huungua hivyo.

Sasa nije kwenye siku zinazoninyima usingizi mimi, ambazo si zile zinazomnyima mgonjwa. Ni ya tano, ya sita, ya saba. Vita vimeacha njia ya hewa imechubuka. Vile vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi na uchafu kwenda juu vimekatika pamoja na seli zake. Bakteria ambao huishi puani na kooni kwa amani, kama nimokoka na stafilokoka, wanakuta barabara ya kwenda mapafuni haina mlinzi. Katika janga la influenza la 1918, lililotua Afrika Mashariki Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vinaelekea mwisho na kusambaa pamoja na meli, reli na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao, wengi waliokufa duniani walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya virusi. Watafiti waliopima upya vipande vya mapafu vya wanajeshi wa Marekani waliokufa wakati ule, wakachapisha matokeo 2008, waliikuta nimonia hiyo karibu katika vyote.

Alama yake ni hii: mgonjwa alipata nafuu, akakaa siku moja au mbili vizuri, kisha homa ikarudi. Pengine makohozi yamebadilika rangi au yana damu, kifua kinachoma akivuta pumzi. Huyo asirudi duka la dawa, aje hospitali, na hapo ndipo antibiotiki ina kazi ya kufanya. Nasikitika kwamba mara nyingi ameshaimaliza nusu dozi wiki iliyopita kwa virusi visivyoisikia, akawaachia uwanja bakteria sugu.

Wapo pia ambao hawapati nafuu hiyo ya katikati; virusi vyenyewe vinashuka mapafuni na pumzi inabana siku ya tatu au ya nne. Kubanwa pumzi, kuchanganyikiwa, midomo kuwa ya bluu, kushindwa kunywa: usihesabu siku, nenda. Kwa mtoto, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke hata kama ni usiku.

Wengi hawafiki huko. Homa ikiisha saa 24 bila parasetamoli, mtu mzima anaweza kurudi kazini, ingawa virusi huweza kutoka hadi siku ya 5 au ya 7, na kwa watoto zaidi. Kinachobaki ni uchovu unaoaibisha: kijana anapanda ngazi anasimama katikati. Ngozi ya ndani ya njia ya hewa inaota upya, na hilo huchukua wiki kadhaa. Kabla haijakamilika, hewa baridi, vumbi na moshi wa jiko la mkaa vinachokoza kikohozi kikavu, hasa usiku. Asali inatuliza, ila si kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Kikohozi hicho huweza kwisha chenyewe hata baada ya wiki tatu. Lakini tunaishi kwenye nchi yenye kifua kikuu, na kwetu kikohozi kikifika wiki mbili hatukipi tena jina la mafua kabla ya kupima. Peleka makohozi maabara. Kipimo cha kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.