Asilimia 95 ni ya njia, si ya jibu moja

Utafiti wa maoni ukisema asilimia 52 wanaunga mkono jambo fulani, na masafa ya kuaminika (kadirio lenye kikomo cha chini na cha juu) ya asilimia 95 ni kati ya 49 na 55, wengi husoma hivi: kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba ukweli umo humo ndani. Ni usomaji unaokuja wenyewe. Hata waliosomea takwimu huteleza hapo.

Kwa maana yake ya kawaida, asilimia hiyo huhusu njia ya kukokotoa. Chukua sarafu uone. Irushe mara 100, hesabu vichwa, kisha toa 10 upate kikomo cha chini, na kwenye hesabu ileile ujumlishe 10 upate cha juu; kwa kurusha mara 100, hiyo 10 ndiyo hutoa masafa ya asilimia 95 hivi. Ukipata 46, masafa yako ni 36 hadi 56, na 50, ambayo ndiyo kweli ya sarafu isiyo na hila, imo. Rudia zoezi zima mara 20 (mkono utachoka): kwa kawaida 19 hivi zitainasa 50. Lakini ukipata vichwa 62, masafa ni 52 hadi 72, na 50 haimo kabisa. Hapo hakuna asilimia 95 ya chochote.

Tazama pia waliohojiwa walipatikanaje. Wenye simu tu? Masafa hayapimi kosa hilo.