Kupyaisha utume wa shirika la kitawa: kazi siyo karama

Shirika la kitawa linapokabidhi shule, zahanati au parokia kwa jimbo la askofu, hawakosekani waumini wanaolalamika kwamba watawa hao "wameacha karama yao". Na shirika linapofungua hosteli mpya, au hata linapobadilisha tu rangi ya vazi la masista, hakosekani msemaji wa sherehe anayetangaza kwamba shirika "limepyaisha utume wake". Kauli hizi zinaonekana kupingana, lakini zimezaliwa na kosa lile lile la kuichukulia kazi inayoonekana kuwa ndiyo karama yenyewe, yaani kile kipaji cha Roho Mtakatifu ambacho shirika limekirithi kwa mwanzilishi wake.

Maana ya dhana hii haina ugumu. Kupyaisha utume ni shirika zima kurudi kwenye chimbuko lake, yaani Injili na roho ya mwanzilishi, na wakati huo huo kuyapima mazingira mapya ya watu linaowatumikia, ili namna yake ya kuishi, kusali na kufanya kazi ilingane na vyote viwili. Ndivyo Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulivyofundisha katika Perfectae Caritatis, hati yake juu ya kupyaisha maisha ya kitawa, ya tarehe 28 Oktoba 1965, na mwaka uliofuata Papa Paulo VI aliyaagiza mashirika yaitishe mkutano mkuu maalumu ndani ya miaka miwili au mitatu na kuzipitia upya katiba zao. Jambo hili lisichanganywe na kurudia nadhiri. Sista mwenye nadhiri za muda anapozirudia mbele ya mkuu wake, anajifunga yeye mwenyewe kwa kipindi kingine. Utume wa shirika hupyaishwa na shirika, na chombo chake kikuu ni huo mkutano mkuu, ambao Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaupa jukumu la kulinda urithi wa shirika na kuhimiza upya unaolingana na urithi huo.

Urithi huo ndio mahali pa mgogoro. Waraka wa Vatikano wa mwaka 1978 kuhusu mahusiano ya maaskofu na watawa unaieleza karama ya mwanzilishi kuwa ni mang'amuzi ya Roho wanayokabidhiwa wafuasi wake ili wayaishi, wayalinde, wayazamie na kuyakuza daima. Katika maelezo hayo hakuna shule wala hospitali. Kazi ni umbo ambalo karama huvaa mahali fulani na kwa muda fulani, na umbo hilo likishapitwa na wakati, kuling'ang'ania kunaweza kuwa ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuipoteza karama.

Tulichukue Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri, na ambalo wengi wetu tungesema bila kusita kwamba karama yake ni misioni za Afrika. Mwanzilishi wake, Claude Poullart des Places, alikuwa kijana wa miaka 24 alipowakusanya wanafunzi wachache maskini mjini Paris, siku ya Pentekoste, tarehe 27 Mei 1703. Walikuwa wakijiandaa kuwa mapadre na hawakuwa na uwezo wa kujilipia chakula na malazi, naye alitaka wawe tayari kwenda kwenye kazi ambazo mapadre wengine walizikimbia kwa sababu hazina heshima wala kipato. Afrika haikuwemo katika mpango wake wa awali. Iliingia kwa nguvu mwaka 1848, pale shirika la Francis Libermann, aliyekuwa mtoto wa rabi wa Kiyahudi, lilipounganishwa na lile la Poullart. Kama karama ingekuwa ni ile nyumba ya wanafunzi wa Paris, basi shirika hilo lilikwisha "kuacha karama yake" kabla mmisionari wake yeyote hajakanyaga Unguja.

Walifika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka hadi Bagamoyo. Kazi yao kubwa ilikuwa kuwakomboa watumwa, hasa watoto, kwa kuwanunua sokoni Unguja, kisha kuwalea, kuwafundisha ufundi na kilimo, kuwaozesha na kuwapa makazi katika kijiji cha Kikristo kandokando ya misioni. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimika kulifunga soko hilo, na biashara yenyewe ikaendelea kubanwa mwaka hadi mwaka. Kazi iliyokuwa sababu ya misioni kuwepo ilianza kuondoka mikononi mwao, tena kwa heri, maana nani angetamani irudi? Mwaka 1877 familia za Kikristo kutoka Bagamoyo zilikwenda na wamisionari kuanzisha misioni ya Mhonda huko bara, kisha zikafuata Mandera, Morogoro na hatimaye Kilimanjaro. Ukombozi wa kununua watu ulikoma, lakini shauku ya kuwaendea waliosahauliwa ilibaki ikitafuta pengine pa kufanyia kazi.

Mfano wa pili unauma zaidi, kwa sababu hapa hapakuwa na sultani aliyewafungia kazi. Katikati ya miaka ya 1960, padre mmoja Mmarekani wa shirika hilo hilo aliyekuwa Loliondo alitazama misioni yenye shule na hospitali, iliyokuwa ikiendeshwa vizuri na kupendwa na Wamasai, akagundua kwamba baada ya miaka yote hiyo karibu hakuna aliyekuwa amezungumza nao juu ya Mungu. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake akiomba aachane na taasisi hizo, aende kwenye maboma kuzungumza na watu hao moja kwa moja. Unaweza kubishana na uamuzi wake, na binafsi sidhani kwamba hospitali ni jambo la kuwekwa kando kirahisi hivyo. Lakini swali alilouliza ndilo lile la kupyaisha utume: je, kazi hii bado inabeba kile tulichotumwa kukifanya, au imebaki kujibeba yenyewe?

Mtaguso wenyewe haukuogopa jibu gumu. Hati ile ile ya Perfectae Caritatis, katika namba ya 20, inayataka mashirika yadumishe kazi zinazowahusu na kuzilinganisha na mahitaji ya nyakati, lakini yaziache zile ambazo leo hazilingani tena na roho na tabia halisi ya shirika. Tena kwa upande wa parokia, kanuni ya 520 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu shirika likabidhiwe parokia daima au kwa muda maalumu, kwa mapatano ya maandishi kati ya askofu na mkuu wa shirika. Kwa hiyo mara nyingine siku ya kukabidhi, ambayo waumini huipokea kama usaliti, iliandikwa kabla padre wa kwanza hajafungua sanduku lake. Uchungu wao ni wa kweli, na viongozi wa mashirika ambao hutoa habari hiyo kwenye matangazo ya Dominika ya mwisho wanastahili lawama. Hata hivyo, lawama hiyo ni ya kutowaandaa watu, na haihusu karama.

Waspiritani wenyewe, yaani wanashirika wa Roho Mtakatifu, wameandika katika kanuni yao ya maisha kwamba wanawaendea hasa wale ambao hawajasikia Injili au wameisikia kwa shida, wenye mahitaji makubwa zaidi na walioonewa, na kwamba wanapokea kwa moyo kazi ambazo Kanisa linapata taabu kuzipatia watendaji. Ukiisoma sentensi hiyo, utaona kwamba parokia iliyokomaa, yenye mapadre wa jimbo wa kutosha na kwaya tatu, ndiyo hasa mahali ambapo shirika hilo linatazamiwa kuondoka.

Basi, watawa wakikabidhi zahanati, inatosha kusema wamekabidhi zahanati. Anayetaka kujua kama wameacha karama yao itabidi asubiri kidogo, aulize wamehamia wapi na ni nani anayewapokea huko. Na yule msemaji wa sherehe anaweza kuitangaza hosteli mpya kuwa ni hosteli mpya. Wageni watapiga makofi vilevile.