Sikio linauma, kumbe taya: maswali kuhusu kiungo cha taya

Sikio linaniuma nikitafuna, lakini daktari amelipima na kusema ni zima. Inawezekanaje?

Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Utahisi kitu kinateleza chini ya ngozi. Hicho ndicho kiungo cha taya, kimepakana kabisa na sikio, ndiyo maana kikiuma mtu huapa kwamba ni sikio. Wengine hudhani ni gego, linang'olewa jino zima na maumivu yanabaki palepale. Hilo huniuma sana, maana jino la mtu mzima halioti tena.

Maumivu haya husababishwa na nini?

Mara nyingi si jambo moja. Misuli ya kutafunia huchoshwa na kusaga meno usingizini, kuyabana mchana mtu anapokuwa na mawazo, au kutafuna mirungi na bazoka kwa saa nyingi. Wengine walipigwa au walianguka na pikipiki. Baridi yabisi nayo hukishambulia kiungo hiki kama inavyoshambulia magoti. Halafu kuna kisahani cha gegedu, yaani mfupa laini, kilicho kati ya mifupa: kikihama kidogo, taya hulia "tak"; kikihama na kugoma kurudi, mdomo haufunguki vizuri. Wanawake husumbuliwa zaidi kuliko wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 40.

Taya langu linalia lakini haliumi. Nitibiwe?

Hapana. Ni jambo la kawaida mno, na peke yake halihitaji tiba.

Nipigwe eksirei?

Huenda isihitajike. Ugonjwa huu hujulikana zaidi kwa maswali na mikono ya daktari. Atauliza maumivu yalianza lini, kama unaamka taya limechoka, kama limewahi kukwama. Atabonyeza mashavu, panja na kiungo chenyewe, akitaka kujua kama anayaamsha maumivu yaleyale unayoyalalamikia. Maumivu mengine tu hayatoshi. Ataangalia kama taya linapinda upande ukifungua mdomo, kisha atapima kwa rula kati ya meno ya mbele. Watu wazima wengi hufikisha milimita 40 au zaidi, karibu vidole vitatu vilivyopangwa wima. Eksirei huonyesha mifupa na meno, haionyeshi kisahani wala misuli. Kisahani huonekana kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, nacho si cha kila mgonjwa.

Wakati gani nisisubiri?

Taya likikaza baada ya jeraha, huenda ni pepopunda. Maumivu ya taya pamoja na kifua kubana na jasho yanaweza kuwa ya moyo. Uvimbe wenye homa, au mdomo uliokwama wazi baada ya kupiga mwayo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na aliyevuka miaka 50, akianza kuumwa kichwa kusiko kwa kawaida, taya likichoka kila anapotafuna na macho yakififia, awahi mno: mishipa ya damu ikivimba hivyo, uwezo wa kuona unaweza kupotea moja kwa moja.