Je, wajua kwa nini kutumia kichocheo mara tano hakuthibitishi kwamba ni imara?

Kichocheo huharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha, na kwa maelezo hayo ya vitabuni mtu angetarajia kidumu milele. Hakidumu. Vichocheo vingi ni chembe za metali zilizobandikwa kwenye punje za kitu kingine. Chembe hizo, ambazo mara nyingi zina upana wa nanomita chache tu, huungana kwa joto na kuwa kubwa, hivyo eneo linalofanya kazi hupungua, salfa huzing'ang'ania, masizi huzifunika, ingawa hayo angalau huweza kuchomwa kwa hewa. Lililo gumu kugundua ni metali kuyeyuka kidogo kidogo na kuondoka na kimiminika ambamo mmenyuko hufanyika.

Uimara huanzia kwenye utayarishaji. Ili kupata metali ya paladiamu iliyobebwa na punje za alumina (oksidi ya alumini), punje hizo zenye vinyweleo hulowekwa katika maji yenye chumvi ya paladiamu, hukaushwa, huchomwa tanurini, kisha hupitishiwa haidrojeni ili oksidi igeuke metali. Kukausha ndiko kunakodharauliwa, nako huharibu kazi nyingi: maji yakikimbilia nje upesi huikokota chumvi na kuirundika ukingoni mwa punje, mahali ambapo chembe husongamana na kuungana kwa urahisi.

Katika majaribio, desturi ni kuchuja kichocheo, kukiosha, kukitumia tena, na kuonyesha mihimili mitano iliyolingana kwenye chati, mmoja wa zao la kila matumizi. Mihimili hiyo hudanganya. Tuseme mmenyuko hukamilika kwa saa 1 lakini umeachwa uendelee kwa saa 12. Kichocheo kilichopoteza robo tatu ya nguvu zake kitamaliza kazi kwa takribani saa 4, na mtafiti ataandika zao la asilimia 99 kama alivyoandika mara ya kwanza. Kinachostahili kupimwa ni kasi, tena mapema, kabla mmenyuko haujafika nusu.

Ili kujua kama metali imeyeyuka, mchanganyiko huchujwa katikati ya mmenyuko ungali moto, na kimiminika kilichobaki huachwa kwenye joto lile lile. Zao likiendelea kuongezeka, basi kazi inafanywa na metali iliyomo ndani ya kimiminika, si ile iliyobaki kwenye punje. Moto huo si jambo la hiari: mchanganyiko unapopoa, paladiamu iliyoyeyuka huweza kurudi kujibandika kwenye punje, na anayechuja wakati huo hukuta kimiminika safi akadhani hakuna kilichotoka.

Chuma kinachotengenezea amonia hakina tatizo hilo, kwa kuwa pale hupita gesi tupu. Adui wake ni joto na sumu kama salfa. Alwin Mittasch wa BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, alikipata baada ya maelfu ya majaribio yaliyoanza 1909. Alumina iliyochanganywa humo huzuia fuwele za chuma kuungana, na gesi ikisafishwa vizuri, shehena moja huweza kukaa mtamboni zaidi ya miaka 10.