"Mechi ya saa" siyo kengele ya simu

Jumamosi iliyopita, pale Kaloleni, Arusha, tunapochezea bakgamoni (mchezo wa ubao wa watu wawili, wa kete na dadu), ubishi ulikuwa mmoja: mashindano ya mwisho wa mwezi yalazimishe saa au yasilazimishe? Mzee mmoja akakataa katakata. "Saa tulishaijaribu mwaka jana, ikatuharibia." Meza nzima ikaitikia. Nikanyamaza kwa heshima, lakini mwaka jana hatukuwa na saa. Tulikuwa na simu ya mwamuzi iliyotegeshwa ilie baada ya dakika 40.

Saa ya mchezo ni saa mbili ndani ya kasha moja. Ya kwako inatembea zamu yako tu. Ukishacheza unabonyeza, yako inasimama, ya mwenzako inaanza. Muda wako ukiisha, kwa kanuni nyingi umepoteza mechi. Basi.

Kinachotuvuruga ni neno lenyewe. "Saa" tumeipokea kutoka Kiarabu, na ilifika ikiwa na mizigo miwili tayari: kipindi cha dakika 60, na chombo cha kuonyesha wakati. Nasi tukaipa kazi nyingine nyingi, hadi mtu akikuuliza "saa ngapi?" hakuna anayedhani umeulizwa idadi ya saa ulizonazo nyumbani. Kwa hiyo ukitangaza "mechi ya saa", mmoja anaelewa mechi ya dakika 60, wa pili anaelewa tuanze kwa wakati (huyo namwombea dua), wa tatu anaelewa mechi ya mbio. Wote wana haki, lugha imewaruhusu.

Sisi wa Arusha tuna na letu. Ukitaja saa, wa hapa anauona Mnara wa Saa, na wa Moshi naye anao wake pale kati. Saa ya mnara ni ya wote. Wewe, konda wa daladala na mtalii anayepiga picha, dakika ikipita imewapita wote sawa. Kengele ya simu ya mwamuzi ni mnara huo huo uliotiwa mfukoni, na hapo ndipo tulipoumia. Anayeongoza 5–3 anageuka mwanafalsafa ghafla. Dadu anazitikisa kama anakoroga uji, kete anazihesabu moja moja kwa kidole, halafu anakumbuka hajaagiza chai. Dakika anazokula, nusu yake ni zako, na simu ikilia yeye ndiye mshindi. Kwenye drafti za vizibo vya soda watazamaji wangemzomea acheze. Sisi tuna adabu zaidi, ndiyo maana tunaonewa.

Wacheza sataranji walipitia hayo zamani. Katika mashindano ya London ya mwaka 1883 walitumia saa mbili zilizowekwa juu ya kipande kinachobembea: ukiinamisha, moja inasimama na nyingine inaanza kutembea. Walitaka kujua muda umeliwa na nani.

Bakgamoni imeongeza jambo moja ambalo wazee wetu wangelipenda wangeelezwa. Kwa hesabu iliyozoeleka Marekani, mechi ya pointi 7 (anayefika 7 kwanza ndiye mshindi) inampa kila mchezaji dakika 2 kwa kila pointi, yaani dakika 14 za akiba. Juu ya hapo, kila zamu inaanza na sekunde 12 ambazo haziigusi akiba. Ukimaliza ndani ya hizo 12, akiba yako iko vilevile. Zilizobaki hazilimbikizwi, kwa hiyo zisiitwe "nyongeza", maana nyongeza hubaki mkononi. Na kwenye mchezo wa dadu sekunde 12 ni nyingi, kwa sababu zamu kadhaa dadu imeshakuamulia, wewe ni kusogeza tu. Mkono wa mzee unaotetemeka kidogo unatosha humo. Zile 14 ni za pale mwenzako anapotaka dau la mchezo liwe mara mbili, na hujui ukubali au ukimbie, yaani umwachie mchezo huo.

Kulazimisha? Mimi nasema nusu fainali na fainali, ndiyo. Raundi za mwanzo, saa iwekwe mchezaji mmojawapo akiiomba, na mwenzake asiwe na haki ya kukataa. Habari ya gharama isitutishe sana. Zipo programu za simu zinazogawa kioo pande mbili, kila mtu anagusa upande wake.

Kwa hiyo, shikamoo mzee wangu, na wala sibishani nawe kuhusu mwaka jana. Hata mimi ile simu ilinitoa raundi ya pili. Naomba tu kwenye tangazo la mwezi huu tufute "mechi ya saa", tuandike "kila mchezaji dakika 14 zake". Halafu ndipo tupige kura.