Je, wajua kwa nini rangi "kali" ndo inabanduka haraka kwenye askari wa plastiki?

Ukitaka kuwapaka rangi upya wale askari wadogo wa plastiki laini, akili inakutuma kwenye rangi ya mafuta, si ndo ileile inashika hadi mageti ya chuma? Mimi niliamini hivyo muda mrefu tu. Nikapaka kikosi kizima, kikakauka, kikang'aa, alafu nikamshika mmoja mtutu wa bunduki kwa vidole viwili, ukapinda kidogo na rangi ikatoka kuanzia mtutu hadi kitako kama ganda la yai. Chini yake plastiki safi, hata doa hakuna.

Nikasingizia mafuta ya kiwandani, maana moldi huwa zinapakwa kitu cha kumfanya askari atoke kirahisi na kinaweza kubaki mwilini mwake. Hilo ni kweli na kuwaosha kwa sabuni na mswaki ni lazima, lakini nilisugua, nikasuuza, nikapaka rangi ileile na ikabanduka vilevile.

Kumbe shida ni plastiki yenyewe. Askari wengi laini ni polithini, plastiki ya mifuko ile (Airfix, kampuni ya modeli ya Uingereza, walianza kuwatoa hivyo mwaka 1959), na polithini kikemia ni ndugu wa nta ya mshumaa, kaboni na haidrojeni tupu, ila minyororo ya nta ina kaboni makumi tu na ya polithini inafika maelfu. Yaani ulikuwa unapaka rangi mshumaa unaopinda.

Na rangi ya mafuta inadanganya kweli, kwa sababu inatandaa vizuri tu, haijikunji kama tone la maji, sasa unadhani imeshika. Kutandaa si kushika. Kwenye plastiki ngumu ya polistairini, ile ya modeli za kuunganisha kwa gundi, thina iliyomo kwenye rangi inaweza kulainisha uso kidogo, ni kama umekanyaga tope na likakukaukia mguuni, kutoka ni kazi. Kwenye polithini thina haiingii kiasi hicho, hapo umekanyaga kioo. Alafu rangi ya mafuta ikikauka inakuwa ngumu, bunduki inapinda, rangi haipindi, na kwa kuwa hakuna kinachoishikilia, inaachia.

Rangi ya maji ya akriliki nayo haijaing'ata polithini, tusidanganyane. Ila ikikauka inabaki kama mpira kidogo, kwa hiyo inamvaa askari kama soksi: soksi haijagundishwa mguuni lakini haivuki, mguu ukikunjika inakunjika nao. Ndo maana sehemu nyembamba kama mtutu na singe bado zinachubuka, kule soksi haina cha kukumbatia.

Kuna wanaotanguliza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, wengine wanatumia praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya bampa za magari, na hii ya pili ina mantiki maana bampa nyingi ni polipropilini, binamu wa polithini. Ya gundi nimeiona ikidumu na nimeiona ikivuka nzima kama ngozi ya nyoka, kwa hiyo siapi. Viwandani hawabembelezi, plastiki nyembamba ya mifuko inapigwa umeme au moto wa haraka kabla ya kuchapwa maandishi, uso ubadilike kikemia ndo wino ushike. Usijaribu na kiberiti, utabaki na kitonge cha kijani.

Sasa kuna askari laini ambao ni PVC, plastiki ya jamii ya mabomba ya maji, hawa wana kilainishi ndani kinachotoka polepole, na rangi nyingine za mafuta juu yao zinabaki zinanata miezi. Kuwajua ni rahisi ajabu: mtie askari ambaye hajapakwa kwenye bakuli la maji, msukume chini, umpapase viputo vya hewa vitoke chini ya kibao anachosimamia. PVC na polistairini zinazama. Polithini inarudi juu na bunduki yake.